Aliyeketi Kwenye Piano: Fats Domino na Historia Isiyopiga Kelele

Kila ninapofundisha historia ya jamii ya Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, huwaomba wanafunzi wangu wanitajie mwanamuziki mmoja wa mwanzo wa rokenroli. Jina la Elvis Presley hutangulia. Wachache humtaja Chuck Berry au Little Richard, na aliyelelewa na mzazi mpenda santuri huweza kumtaja Jerry Lee Lewis. Ni nadra kulisikia jina la Antoine Domino, aliyejulikana duniani kote kama Fats Domino, ilhali katika miaka ya 1950, miongoni mwa waimbaji wa mtindo huo, ni Presley peke yake anayetajwa kuwa alimzidi kwa mauzo ya santuri. Nikiwapigia wimbo wake mmoja, vichwa huanza kutikisika. Wimbo wanaujua, mwenye wimbo hawamjui.

Makala haya yana maswali mawili. La kwanza ni la historia ya sanaa: kwa nini mtu mpole aliyeketi kwenye piano akitabasamu anaendelea kupendwa baada ya miaka zaidi ya 70? La pili ni la siasa, nalo ndilo lililonisukuma kuandika: yawezekanaje taifa lipende nyimbo za mtu kwa nusu karne, kisha liuache mtaa wake uzame?

Domino alizaliwa tarehe 26 Februari 1928 mjini New Orleans, katika jimbo la Louisiana, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Wazazi wake walikuwa Wakrioli, watu weusi waliolelewa katika lugha na desturi zenye asili ya Kifaransa, waliotoka mashambani kwenye mashamba ya miwa na kuhamia mjini. Walifikia Lower Ninth Ward, yaani Kata ya Tisa ya upande wa chini ya mto. Mnamo 1923 mamlaka zilikuwa zimefungua mfereji mkubwa wa meli uliolitenga eneo hilo na sehemu nyingine za jiji. Wakati wa utoto wa Domino kata hiyo ilikuwa nusu mji, nusu shamba: watu walifuga kuku, walilima bustani na kujijengea nyumba zao wenyewe kidogo kidogo. Msomaji auweke mfereji huo akilini, maana tutaurudia.

Baba yake alipiga fidla. Shemeji yake, Harrison Verrett, mpiga jazi mzoefu, ndiye aliyemfundisha piano. Shule aliiacha mapema, akafanya kazi za mikono: alisaidia kusambaza barafu, akafanya kazi katika kiwanda cha springi za vitanda, na usiku akapiga piano kwenye vilabu. Mwaka 1947 kiongozi wa bendi, Billy Diamond, alimwajiri na kumbatiza jina la Fats, kwa sababu ya unene wake na kwa kuwakumbuka wapiga piano mashuhuri waliobeba jina hilo kabla yake.

Ili kuuelewa muziki wake, yafaa tukumbuke New Orleans ni mji wa aina gani. Huko ndiko kulikuwa na uwanja wa Congo Square, ambako katika karne ya 18 na ya 19 Waafrika waliokuwa utumwani walikusanyika siku za Jumapili kucheza ngoma na kufanya biashara ndogondogo. Midundo iliyohifadhiwa hapo ilipita katika bendi za matarumbeta za mazishi na maandamano, ikaingia katika jazi, kisha katika mikono ya wapiga piano wa vilabu. Tarehe 10 Desemba 1949 Domino alipoingia katika studio ya Cosimo Matassa, kwenye barabara ya Rampart, alikuwa hatua chache tu kutoka uwanja huo. Alirekodi wimbo ulioitwa "The Fat Man". Pamoja naye alikuwa Dave Bartholomew, mpiga tarumbeta na mtayarishaji aliyekuwa mtunzi mwenzake kwa miaka mingi, na Earl Palmer kwenye ngoma. Lahani ya wimbo huo ilitokana na wimbo wa zamani uliohusu maisha ya watumiaji wa dawa za kulevya. Domino na Bartholomew waliyaondoa maneno yale, wakaweka badala yake majigambo ya kuchekesha ya mtu mnene anayefurahia maisha. Santuri hiyo iliuzwa kwa wingi mkubwa, na wanahistoria wengi huihesabu miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za rokenroli. Mwaka huo Presley alikuwa mvulana wa miaka 14.

Domino mwenyewe hakulipa uzito neno "rokenroli". Alipoulizwa katika miaka ya 1950, alieleza kuwa muziki huo ulikuwa ule ule wa ridhimu na bluzi aliokuwa akiupiga New Orleans kwa miaka mingi. Kauli hiyo ni ya staha, lakini ina shtaka ndani yake. Kitu kilichokuwepo kwa watu weusi kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa kipya siku kilipofika masikioni mwa weupe.

Sasa tuutazame muziki wenyewe. Mkono wa kulia wa Domino hugonga noti tatu katika kila pigo, kwa usawa usiochoka, kama mtu anayetwanga bila haraka. Mkono wa kushoto huzunguka katika besi ya bugi-wugi. Saksafoni huurudia mzunguko ule ule wa besi, hata msikilizaji asijue piano inaishia wapi na bendi inaanzia wapi. Juu ya hayo huja sauti yenye lafudhi ya Kikrioli, sauti isiyogombana na mtu. Maneno ni machache: nimeachwa, naenda kwa miguu, Jumatatu ni siku ngumu, nilipendwa pale kilimani. Mtoto anaelewa, mzee anakumbuka. Mpigaji wa piano anayeanza kujifunza anaweza kuiga zile noti tatu kwa wiki moja, ingawa atahitaji maisha yake yote kupata ule utulivu.

Utulivu huo ulikuwa kazi. Wimbo wake uliovuma kuliko zote, "Blueberry Hill" wa mwaka 1956, ulikuwa wimbo wa tangu 1940 ambao wengine, akiwemo Louis Armstrong, walikwisha kuuimba. Domino aliurekodi akiwa hayajui maneno barabara, wala hakufanikiwa kuuimba mfululizo hadi mwisho. Fundi wa studio alilazimika kukata vipande vya utepe na kuviunga. Tunaousikia leo kana kwamba umetoka kinywani mwa mtu aliyejilaza kivulini ni mshono wa fundi na uvumilivu wa wanamuziki.

Zingatia mwaka: 1956. Miaka miwili kabla yake Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba ubaguzi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Watu weusi wa Montgomery, Alabama, walikuwa wakisusia mabasi tangu Desemba 1955. Mwezi Aprili 1956 wazungu wenye siasa kali walimshambulia Nat King Cole jukwaani mjini Birmingham, naye alikuwa mwimbaji mpole kuliko hata Domino. Mabaraza ya Raia Weupe yaliendesha kampeni ya kutaka rokenroli ipigwe marufuku, kwa hoja kwamba ilikusudiwa kuchanganya jamii. Hoja yao ilikuwa ya chuki, lakini katika jambo moja waliona sawasawa kuliko wahakiki wengi wa muziki: walitambua kwamba dansi ni suala la kisiasa.

Katika kumbi nyingi za Kusini, kamba ilitandazwa katikati ya sakafu, weusi upande huu na weupe upande ule, au kundi moja likapandishwa roshani. Mashahidi wengi wa zama hizo wamesimulia jinsi kamba hizo zilivyoanguka muziki ulipokolea. Nyakati nyingine zilifuata vurugu. Mjini Fayetteville, North Carolina, mnamo Novemba 1956, polisi walitumia mabomu ya machozi kuwatawanya watu katika onyesho la Domino, naye akaruka dirishani kujinusuru na kupata majeraha madogo. Mtu yule ambaye nyimbo zake hazikuwa na neno moja la siasa alijikuta katikati ya swali kubwa kuliko yote ya nchi yake: je, miili ya watu hawa inaweza kukaa katika chumba kimoja?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa Domino hakuwa na uzito wa kihistoria kwa sababu hakuwa mwasi. Wenzake walikuwa na vishindo. Little Richard alipiga piano akiwa amesimama na kupiga mayowe. Jerry Lee Lewis alikipiga teke kiti cha piano na kupiga noti kwa kisigino. Vishindo hivyo vilikuwa sanaa halisi, wala sivibezi. Hata hivyo, kufikia mwisho wa muongo ule, Little Richard alikuwa ameacha muziki huo kwa ajili ya dini, Presley alikuwa jeshini, Lewis alikuwa ameanguka kwa kashfa ya kumwoa binamu yake wa miaka 13, Berry alikuwa amekamatwa, na Buddy Holly alikuwa amefariki katika ajali ya ndege. Domino aliendelea. Kati ya 1955 na 1960 nyimbo zake 11 ziliingia katika kumi bora za Marekani. Waliokuwa wakiyapinga mayowe walipata cha kushika; tabasamu halikuwapa mpini.

Tusilifanye tabasamu hilo kuwa la kijinga. Mwaka 1955 Domino na Bartholomew walitunga "Ain't That a Shame". Mara moja mwimbaji mzungu, Pat Boone, akaurekodi wimbo huo kwa namna iliyolainishwa, na vituo vya redio vilivyosita kupiga sauti za weusi vikaupokea. Toleo la Boone lilifika namba moja. La Domino liliishia namba kumi. Huo ndio uliokuwa mfumo: kazi hufanywa upande mmoja wa kamba, sifa huvunwa upande mwingine. Lakini jina la Domino lilikuwa limeandikwa kama mtunzi, na mrabaha ulimfikia. Boone mwenyewe amesimulia jinsi Domino alivyompandisha jukwaani siku moja mjini New Orleans, akaonyesha pete kubwa kidoleni na kuwaambia watu kuwa Pat Boone ndiye aliyemnunulia. Watu walicheka. Katika kicheko hicho mlikuwa na hesabu kamili ya nani anamdai nani.

Ushawishi wake ulivuka bahari. Wimbo wa kwanza ambao John Lennon alijifunza kuupiga, akifundishwa na mama yake, ulikuwa huo huo "Ain't That a Shame". Paul McCartney alitunga "Lady Madonna" mwaka 1968 akiifuata piano ya Domino, na mwaka huo huo Domino akaurekodi yeye mwenyewe, kana kwamba anapokea mali yake iliyorudishwa na riba. Redio za Kusini mwa Marekani zilisikika hadi Jamaica, na wanamuziki wa huko wamekiri kuwa mdundo wa New Orleans ni miongoni mwa vyanzo vya ska, iliyozaa rege. Kijana wa Dar es Salaam au Mombasa anayesikiliza rege jioni amekwisha kukutana na mkono wa Domino bila kutambulishwa.

Hata Presley aliijua daraja yake. Mwaka 1969, mjini Las Vegas, mwandishi wa habari alipomwita mfalme wa rokenroli, Presley alimwashiria Domino aliyekuwa ukumbini na kusema kuwa mfalme wa kweli ni yule.

Kupendwa na watu wote kuna gharama zake. Desemba 2010, Vladimir Putin, wakati huo Waziri Mkuu wa Urusi, aliimba "Blueberry Hill" katika hafla ya hisani mjini St. Petersburg mbele ya waigizaji mashuhuri wa Magharibi. Wimbo usiomkataa mtu hauwezi kuchagua waimbaji wake. Wanaotumia hoja hii kumdharau Domino husahau kwamba hata nyimbo za mapambano zimeimbwa na watawala walioyazima mapambano yenyewe. Wimbo haulindwi na maneno yake peke yake. Hulindwa na watu wanaokumbuka ulikotoka.

Na ulikotoka, katika suala hili, ni Lower Ninth Ward. Mwaka 1960 Domino alikuwa milionea. Angeweza kwenda California, kama wengi walivyofanya. Badala yake alijenga nyumba kubwa ya kifahari katika barabara ya Caffin, kwenye kata ile ile ya utoto wake. Novemba ya mwaka huo huo, wasichana watatu weusi wa miaka sita walisindikizwa na maofisa wa serikali kuu kuingia shule ya wazungu, McDonogh 19, katika kata hiyo hiyo, huku umati ukiwazomea. Wazungu wakaanza kuhama. Mwaka 1965 kimbunga Betsy kilipobomoa kuta za mfereji na kuigharikisha kata, Bunge la Marekani liliagiza kikosi cha wahandisi wa jeshi kijenge kinga mpya dhidi ya mafuriko. Miaka 40 baadaye kazi hiyo ilikuwa bado haijakamilika.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilifika. Domino, mwenye umri wa miaka 77, hakuhama kwa sababu mkewe Rosemary alikuwa mgonjwa. Ukuta wa mfereji ule ule wa 1923 ulibomoka na maji yakaizoa kata. Kwa siku kadhaa haikujulikana alipo. Mtu mmoja aliandika rambirambi kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba yake. Kisha ikabainika kuwa familia iliokolewa kwa boti. Piano zake zililowa, santuri zake za dhahabu zikapotea, na nishani ya taifa ya sanaa aliyotunukiwa mwaka 1998 ikaenda na maji. Mwaka 2006 kikosi cha wahandisi wa jeshi kilikiri kwamba mfumo wake wa kinga ulikuwa na kasoro za usanifu. Mwezi Agosti wa mwaka huo Rais George W. Bush alikwenda nyumbani kwa Domino na kumkabidhi nishani nyingine.

Nishani inaweza kutengenezwa upya kwa wiki chache. Mtaa hauwezi. Wakazi wengi wa Lower Ninth Ward walimiliki nyumba zao, baadhi kwa urithi wa vizazi. Ruzuku ya kujenga upya ilikokotolewa kwa kuzingatia thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, na kwa kuwa soko lilizithamini kidogo nyumba za mitaa ya weusi, mwenye nyumba katika mtaa huo alipata fedha pungufu kuliko mwenye nyumba ya ukubwa ule ule mtaa wa weupe, ingawa mbao na misumari vina bei moja. Watetezi wa haki za makazi walikwenda mahakamani, na shauri likaisha kwa suluhu mwaka 2011. Wakati huo wengi walikwisha kutawanyika. Sensa ya 2000 ilihesabu katika mtaa huo watu wapatao 14,000. Ile ya 2010 haikufikisha 3,000. Domino naye aliishi miaka yake ya mwisho Harvey, ng'ambo ya mto, na huko ndiko alikofariki tarehe 24 Oktoba 2017 akiwa na miaka 89. Aliyekataa kuhama kwa ajili ya utajiri alihamishwa na ukuta mbovu.

Nayarudia basi maswali yangu mawili. Domino anaendelea kupendwa kwa sababu alipiga muziki wa mahali, akaupiga bila kumfungia mtu mlango. Mwendo wake ni mwendo wa kata ile: barazani, kanisani, kwenye maandamano ya mazishi, jikoni. Wasikilizaji wa dunia nzima walikaribishwa katika kata hiyo kwa dakika mbili na nusu, wakaondoka wakiimba. Ama swali la pili, jibu ni kwamba mapenzi ya hadhira hayana bajeti wala mhandisi. Kamba ukumbini iliweza kuanguka kwa nguvu ya dansi, kwa sababu ilishikiliwa na mazoea. Mfereji, ruzuku na tathmini ya nyumba hushikiliwa na sheria na fedha, na huko hakuna wimbo unaoweza kukaimu nafasi ya madai yaliyoandikwa, kupigiwa kura na kusimamiwa. Wanaotaka msanii afanye kazi ya bunge wanalipunguzia bunge deni lake.

Sisi tunaofundisha historia tuna sehemu yetu ya deni. Tumezoea kuwapa kurasa waliovunja viti na kuwapa tanbihi walioketi. Matokeo yake, vijana hujifunza kwamba mabadiliko huletwa na kelele pekee, na kwamba aliyefanya kazi kwa utulivu mahali pamoja kwa miaka 60 hakufanya kitu.

Piano moja nyeupe ya Domino, iliyokutwa imepinduliwa matopeni, ilikarabatiwa kwa michango ya watu, Paul McCartney akiwa mmoja wao, na mwaka 2013 ikawekwa katika jumba la makumbusho la jimbo mjini New Orleans. Mwaka 2022 barabara ya Caffin ilipewa jina lake. Anayeizuru leo atakikuta kibao chenye jina hilo, na nyuma ya kibao, viwanja vingi vilivyoota nyasi pale palipokuwa na nyumba.